Dirisha Moja, Makarani Wawili

Wenzangu, muhula huu nilipewa kazi ya kumsaidia mwalimu wa kompyuta kuweka maktaba katika seva. Seva hiyo ni kompyuta kuukuu tu inayotumia Linux, lakini ndiyo inayohudumia kompyuta zote za darasani kwa waya. Maktaba yenyewe ni programu iitwayo Kiwix, ambayo humwezesha mtu kusoma Wikipedia hata huku Nangwa, chini ya Mlima Hanang, intaneti ikiwa imekatika. Sisi wa Kidato cha Nne tuliingojea sana, maana mtihani u karibu.

Nilipoiwasha, ilikataa. Ilijibu kwamba anwani imekwisha kutumiwa. Nikadhani mashine imeharibika, nikaizima na kuiwasha tena. Jibu likawa lile lile.

Hapana budi nieleze kidogo. Seva ni kama posta: jengo moja, madirisha mengi. Kila dirisha, yaani poti, lina namba, kutoka 1 mpaka 65535. Kurasa za wavuti kwa desturi huombwa poti 80, na barua pepe hupokewa na seva poti 25. Makarani wawili hawakai dirisha moja. Anayetangulia ndiye mwenyewe, na wa pili hukataliwa. Tena, poti zilizo chini ya 1024 kwa kawaida hufunguliwa na msimamizi wa mashine peke yake. Mtu mwingine akijaribu huambiwa hana ruhusa, na hilo ni kosa jingine kabisa, msilichanganye na hili.

Ili kumjua karani aliyekaa, niliandika:

sudo ss -ltnp

Nikaona poti 80 imeshikwa na Apache. Basi, pasipo kuuliza Apache ina kazi gani, nikaisimamisha. Kiwix ikafunguka mara moja, na wenzangu wakanipigia makofi.

Makofi hayakudumu. Mwalimu mmoja alikuja kutoka ofisini, uso umekunjamana. Alikuwa akijaza alama za kidato kizima katika ukurasa uliotolewa na Apache ile ile. Alipobonyeza kuhifadhi, ukurasa haukujibu, na kazi yake ya saa nzima ikapotea. Nilimwomba radhi. Hakunigombeza, akaanza upya mstari wa kwanza, nami nikaona afadhali angenigombeza.

Hata kama asingekuja, dawa yangu isingefaa. Apache imepangwa kuamka yenyewe mashine inapowaka. Umeme ungekatika na kurudi (nanyi mwajua ulivyo), ingeshika tena poti 80, na Kiwix ingekataliwa kama mwanzo.

Basi nikairudisha Apache mahali pake, nikaitafutia Kiwix poti nyingine. Kwanza nikatazama kama 8080 i wazi:

sudo ss -ltnp 'sport = :8080'

Hakukuwa na mtu. Ndipo nikaandika:

kiwix-serve --port=8080 maktaba.zim

Msomaji sasa huongeza :8080 mwishoni mwa anwani ya seva, basi. Wakati mwingine mtaona aliyeshika poti ni programu yenu wenyewe, mliyoiwasha jana mkaisahau. Hiyo mwaweza kuifunga bila hofu.

Kando ya seva nimebandika karatasi: 80, alama za walimu, 8080, maktaba. Anayetaka kuweka huduma ya tatu aandike namba yake hapo kwanza.