Shule ya Sekondari ya Kata: Vyumba Vyake na Kazi Yake

Mwaka 1937 kijana mmoja wa Butiama, Julius Nyerere, alitoka shule ya Mwisenge, Musoma, akaenda kusoma Tabora, mbali sana na kwao. Siku zile shule za sekondari zilihesabika kwa vidole, na mtoto aliyeitaka elimu hiyo hakuwa na budi kuhama nyumbani. Leo sivyo. Tangu mwaka 2004, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, kata nyingi za Tanzania zimejipatia shule zao. Wananchi walichimba misingi, wakasomba mawe na mchanga, nayo Serikali ikatia mkono wake. Tena tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za Serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne. Na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita.

Basi mlango u wazi. Lakini wazazi wengi, wakisha kuona mabati yang'aa juani, husema, "Shule yetu imekwisha." Katika somo hili twataka kuonyesha kwamba jengo ni nusu ya kazi tu, na ya kuwa yatupasa sote kujua kila chumba kimejengwa kwa ajili ya nini.

Kwanza, maabara. Mwezi wa Novemba 2012 Rais Kikwete aliagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu, yaani ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Ndani yake mwanafunzi hajifunzi kwa masikio tu. Mathalani, hudondosha iodini juu ya kipande cha muhogo. Rangi ya hudhurungi hugeuka kuwa buluu nzito karibu na nyeusi, naye hujua kwa macho yake mwenyewe kwamba muhogo una wanga. Mtihani wa sayansi wa kidato cha nne humtaka afanye majaribio kwa mikono yake. Aliyeyaona ubaoni tu huishika chupa siku ile kama mtu wa bara ashikaye kasia kwa mara ya kwanza.

Tulipata kuzuru shule moja, ambayo jina lake hatulitaji. Maabara yake ilikuwa nzuri, imepakwa rangi. Tulipofunguliwa mlango tulikuta magunia ya mahindi na madawati yaliyovunjika. Mabomba yalikuwapo, maji hayakuwapo. Tukamwuliza mwanafunzi wa kidato cha nne kama amepata kukitumia chumba kile. Akajibu kwa adabu, "Ndiyo, nilisaidia kupanga magunia." Twakiri kwamba jibu lile lilitunyamazisha, maana mtihani wake ulikuwa karibu.

Pili, maktaba na mdahalo. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya Serikali kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yafundishwa kwa Kiingereza. Wengi huingiwa na hofu, wakanyamaza darasani. Dawa yake ni kusoma vitabu na kusema mbele ya watu. Chumba kidogo chenye rafu, na mwanafunzi mmoja aliyepewa daftari la kuandika nani ameazima kitabu gani, chatosha kuwa mwanzo wa maktaba. Na mdahalo hauhitaji hata chumba. Kivuli cha mwembe chatosha, mradi mwalimu awepo wa kusahihisha bila kudhihaki.

Tatu, bweni. Kata ni pana, na mtoto akaaye kijiji cha pembeni hutoka nyumbani kabla ya mapambazuko, akarudi gizani. Wengine hupanga vyumba karibu na shule, ambavyo vijana huviita mageto, wakaishi humo bila mtu mzima wa kuwaangalia. Wazazi, msidanganyike: msichana aliye peke yake katika chumba cha kupanga yumo hatarini. Ni kweli kwamba tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyeacha shule kwa sababu ya kupata mtoto arudi masomoni, na ruhusa hiyo ni njema. Hata hivyo, ni heri kumlinda mapema. Bweni lenye mlezi, taa na choo cha karibu ni ulinzi huo.

Nne, chakula cha mchana. Kufutwa kwa ada hakukumwondolea mzazi kila mzigo. Sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni juu yake. Mtoto mwenye njaa saa nane huusikia mlio wa tumbo lake kuliko sauti ya mwalimu. Mahindi na maharage yaliyokusanywa wakati wa mavuno, yakapimwa na kuandikwa mbele ya kamati, huondoa shida hii pasipo ugomvi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tano, michezo na vyama vya wanafunzi. Wapo wasemao kwamba mambo haya ni kupoteza wakati. Sivyo. Katika mashindano ya UMISSETA mwanafunzi wa kata aweza kupanda ngazi hadi ya taifa. Kiranja hujifunza kuongoza wenzake. Hata chama cha Roots & Shoots, kinachojulikana leo katika nchi nyingi kwa kazi ya kutunza miti na wanyama, kilianza Dar es Salaam mwaka 1991, Bi. Jane Goodall alipokutana na wanafunzi 12 tu wa sekondari.

Basi, enyi wenyeviti wa vijiji, walimu na wazazi, mkutano wa shule utakapoitishwa, msiulize tu, "Tumejenga vyumba vingapi?" Ulizeni maswali haya matatu. Muhula huu wanafunzi wameingia maabara mara ngapi? Wasichana wa vijiji vya mbali wanalala wapi? Na leo mchana watoto wamekula nini? Majibu yaandikwe, kisha yasomwe tena katika mkutano unaofuata. Kata itakayofanya hivyo itajua kama shule yake ni shule kweli, au ni ghala lililopakwa rangi.