Namba za Ruta na Upotevu wa Nguvu ya Mawimbi Majumbani

Intaneti ya nyumbani inapozorota, wakazi wengi wa Kibaha na Kisarawe huchukua hatua ileile: hulipia kifurushi kikubwa zaidi. Mara nyingine fedha hiyo huleta nafuu. Mara nyingi haileti, kwa kuwa hitilafu haiko kwenye kifurushi bali kwenye njia ambayo mawimbi hupita kabla ya kufika nyumbani. Wakati huu ambapo mfanyabiashara huomba leseni kupitia mfumo wa TAUSI, mzabuni huwasilisha zabuni kupitia NeST na mwanafunzi huomba mkopo wa elimu ya juu kwa mtandao, mawasiliano yanayokatika siku ya mwisho yanaweza kumgharimu mtu mwaka mzima. Ruta yenyewe huonesha hitilafu ilipo, ikiwa mwenye nyumba anajua kusoma namba zake.

Namba hizo hupatikana kwa kufungua kivinjari kwenye simu au kompyuta iliyounganishwa na ruta, kuandika anwani iliyobandikwa chini ya kifaa, aghalabu 192.168.1.1 au 192.168.8.1, na kuingiza nywila iliyo kwenye kibandiko hichohicho. Kusoma ukurasa wa hali ya mtandao hakuharibu chochote. Kubadilisha mipangilio bila kujua ndiko huharibu.

Kipimo kinachotumika ni desibeli, nacho hakihesabiwi kama lita wala kilo. Kila desibeli 3 zinazopotea huondoa nusu ya nguvu ya mawimbi. Zikipotea 10, hubaki sehemu moja ya kumi. Zikipotea 20, sehemu moja ya mia. Zikipotea 30, sehemu moja ya elfu. Kwa hiyo tofauti inayoonekana ndogo kwenye kioo huwa kubwa sana kwenye waya au hewani.

Nyumba nyingi za wilaya hizi mbili hutumia ruta ya laini ya simu, inayopokea mawimbi ya 4G kutoka mnarani. Kwenye ruta ya namna hii mstari wa kutazamwa huandikwa RSRP, na namba yake huwa hasi. Hapa ndipo wengi hukosea: -75 ni bora kuliko -105, kwa kuwa iko karibu zaidi na sifuri, na tofauti kati ya hizo mbili ni ile ya mara elfu moja iliyotajwa hapo juu. Kwa kawaida, usomaji wa -80 au ulio karibu zaidi na sifuri ni mzuri sana. Hadi -95 huridhisha. Ukivuka -105, kukatika kwa mawasiliano si jambo la kushangaza.

Mawimbi hayo hupotea kwa sababu zinazoonekana kwa macho. Umbali ni mojawapo. Katika Kisarawe, vilima huweka nyumba za bondeni kwenye kivuli hata pale ambapo mnara hauko mbali. Mikorosho na miembe iliyozunguka nyumba hunyonya mawimbi, hasa majani yanapokuwa yamelowa wakati wa masika. Bati la paa huyarudisha yalikotoka, na ukuta wa tofali za saruji huyapunguza. Ndiyo maana ruta iliyofichwa kabatini au nyuma ya televisheni inaweza kusoma -104, na ileile ikiwekwa kwenye dirisha linaloelekea mnara ikasoma -92. Hatua chache ndani ya nyumba zimeongeza nguvu zaidi ya mara kumi, bila shilingi moja kulipwa. Inafaa kuzunguka nayo chumba kwa chumba, kusubiri dakika mbili kila mahali na kuandika namba kwenye karatasi.

Antena ya nje husaidia pia, lakini wauzaji hawapendi kusema kwamba waya mwembamba wa mita 10 kutoka paani hadi sebuleni unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu iliyopatikana juu.

Mstari wa pili ni SINR, unaolinganisha mawimbi na kelele. Zaidi ya 20 ni safi. Chini ya sifuri, kelele imeyazidi mawimbi. Namba zote mbili zikiwa nzuri, na bado kasi ikaanguka kila saa mbili usiku na kurudi alfajiri, sababu yaelekea kuwa wingi wa watumiaji wa mnara huo. Kuhamisha ruta hakutasaidia hapo, wala kununua nyingine. Ikumbukwe pia kuwa vistari vya Wi-Fi kwenye simu ya mkononi huonesha mawasiliano kati ya simu na ruta tu. Vinaweza kujaa vyote huku ruta yenyewe ikihangaika kuupata mnara.

Kwa laini ya zamani ya waya wa shaba, mstari husika ni Line Attenuation, na hapa namba huwa chanya: ndogo ndiyo bora. Waya mwembamba wa simu hupoteza takriban desibeli 14 kwa kila kilomita, kwa hiyo usomaji wa 42 huashiria umbali wa kilomita 3 hivi kutoka kwenye mitambo. Chini ya 30 ni nzuri. Ikivuka 60, laini haiwezi kubeba kasi kubwa hata ikilipiwa. Namba hii haipaswi kubadilika sana kati ya kiangazi na masika. Ikipanda mvua inaponyesha, yawezekana maji yameingia kwenye kiungio cha waya, na hiyo ni kazi ya fundi wa kampuni.

Nyuzi za mwanga, yaani faiba, hupoteza chini ya nusu ya desibeli kwa kilomita. Umbali si adui wake mkubwa. Maadui ni uzi uliokunjwa mlangoni, uliobanwa na msumari, au wenye kichwa kilichoingia vumbi. Nguvu ya mwanga inayopokelewa ikiwa kati ya -15 na -25, hali ni njema. Ikikaribia -28, kifaa kiko ukingoni. Taa nyekundu ya LOS maana yake mwanga haufiki kabisa. Uzi huo usichunguliwe kwa jicho, kwa kuwa mwanga wake hauonekani lakini unaweza kudhuru.

Mwananchi anayekwenda kulalamika aandike tarehe, saa, namba iliyosomwa na hali ya hewa kwa siku tatu mfululizo, pamoja na namba ya siku ya kufungiwa huduma ikiwa anayo. Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma, ambako ni muhimu kudai namba ya kumbukumbu. Asiporidhika, huyapeleka TCRA akiwa na namba hiyo na karatasi yake.