Mikono Yako Mbele ya Wasaili

Wadogo zangu wa Ngamiani, Makorora na Mabawa hapa Tanga, na nyie wa Pangani, Muheza na Mkinga, wengi mmeniuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: "Dada, majibu ninayo, lakini nikishakaa mbele ya wasaili sauti inakatika na mikono inatetemeka. Nifanyeje?"

Nianze na ninachokiamini. Utulivu huuokoti mlangoni siku ya usaili. Unatoka nao nyumbani, umeuandaa siku kadhaa kabla, na sehemu kubwa ya maandalizi yake ni vitu vidogo ambavyo hata havifanani na usaili.

Mimi usaili wangu wa kwanza niliukosa kwa adabu. Nililelewa kama wengi wenu: mkubwa akizungumza, macho chini, ukiulizwa, jibu kwa sauti ndogo, sifa zako waachie wengine wazitaje. Nikaingia nayo yote mle ndani. Walikuwa watu wanne. Mmoja, baba wa makamo, akaniambia nijieleze, nami nikajieleza nimeikazia macho meza. Kazi ile nilikuwa nimeifanya miezi minane kwa kujitolea, naijua mpaka ndani, lakini nilipoulizwa uzoefu wangu nikasema, "Nimejaribujaribu kidogo." Yule baba akaniambia kwa upole, "Sauti, mwanangu." Nikazidi kunywea. Kazi sikupata, na kwa nilichowaonyesha siku ile, hawakuwa na sababu ya kunipa.

Msinielewe kwamba haya yetu ya pwani ni ya kutupwa. La hasha. Mle ndani heshima ipo, ila imebadilika sura: kumheshimu aliyekuuliza ni kumpa jibu kamili, kwa sauti anayoisikia bila kuinama, ukimtazama yeye. Jibu likiwa refu, wagawie na wenzake macho kidogo kidogo. Wasalimie unavyowasalimia watu wazima popote pale, ngoja uambiwe ukae, shukuru. Unyenyekevu ubaki kwenye toni. Kwenye habari ya kazi yako sema "nilifanya", "niliandaa", "nilisimamia". Hiyo ni kweli yako, na kuisema kweli si majivuno.

Na wewe unayedai huwezi kusema mbele za watu, hebu kumbuka. Hukusoma kasida kwenye maulidi mtaa mzima ukikusikiliza? Hukuimba kwaya? Hukusimama kumwombea bibi harusi ruhusa kwa wazee? Kifua unacho. Hata waimbaji wa taarabu ya zamani, iliyoipa Tanga yetu jina kwa vikundi kama Black Star na Lucky Star, hawakuwa watu wa kurukaruka jukwaani. Mtu alitulia pale pale alipo, akaiacha sauti ifanye kazi.

Sasa karatasi. Hapa nitakaa kidogo, maana hofu nyingi ninazozikuta kwa wadogo zangu mzizi wake ni bahasha. Sisi majina yetu yana mitego. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma, cha kidato cha nne kinasema Fatma. Kimoja Saidi, kingine Said. Hadija na Khadija. Usaili wa serikali unaoitishwa na Sekretarieti ya Ajira unataka vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, pamoja na kitambulisho, na karatasi za matokeo hazipokelewi badala ya cheti. Majina yakipishana, unatakiwa ufike na hati ya kiapo. Basi usingoje uyagundue haya umesimama kwenye foleni ya uhakiki. Leo hii toa vyeti vyako vyote, vitandaze kitandani, soma jina herufi kwa herufi. Palipo na tofauti, nenda kwa wakili mapema. Mtu aliyelala akijua karatasi zake ziko sawa, hata hatua zake huwa nyingine.

Mwezi uliopita nilikuwa na binti wa jirani yangu, ameitwa usaili wa ukarani kwenye kampuni moja ya uwakala wa forodha. Jioni tatu tulikaa ukumbini kwangu tukafanya mazoezi. Siku ya kwanza nilimhesabia: ndani ya dakika tano aliugusa mtandio wake mara kumi na moja. Unateleza, anaurudisha, unateleza tena. Yeye mwenyewe hakujua. Siku ya pili tukaufunga kwa pini mbili kabla hajakaa, na mkono ukakosa kisingizio. Faili lake likalala mapajani, viganja viwili juu yake. Karatasi ukiishika hewani, kila mtetemeko wa kidole unaonekana maradufu. Ikishalala, hakuna anayeona. Na nyie wavulana, kwenu mtandio ni kalamu ya kubofya na tai mliyoifunga kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Vaa viatu ulivyokwisha kutembea navyo. Weka leso mfukoni, joto la Tanga mnalijua.

Nikaweka na glasi ya maji kwenye stuli. Nikamwambia ainywe katikati ya jibu, kisha aendelee. Yakamwagika mpaka kwenye faili. Tukapangusa, tukarudia.

Baadaye nikamuuliza, "Bandari yetu unaijua?" Akacheka, amezaliwa hapa. Lakini hakuweza kunieleza kwa nini zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na mzigo ukaletwa gatini kwa matishari, wala kwamba kina cha maji gatini kimeongezwa kutoka mita 3 hadi 13, meli sasa inafunga gatini yenyewe, ule usumbufu wa kupakua mzigo mara mbili ukaondoka. Anayetaka ukarani wa forodha lazima aone hilo linamaanisha nini kwa nyaraka na kwa muda wa mteja. Vivyo hivyo mnaoomba kazi zinazozunguka bomba la mafuta ghafi: jua kwamba linatoka Hoima, Uganda, kilometa 1,443, na linaishia hapa kwetu Chongoleani. Mwenye la kusema hana muda wa kuusikiliza moyo wake.

Moyo nao una dawa yake. Ukivuta pumzi, moyo unaongeza mwendo kidogo, ukiitoa, unapunguza. Ndivyo tulivyoumbwa. Kwa hiyo ukiwa kwenye benchi nje unasubiri kuitwa, vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya saba, mara tano au sita. Hakuna atakayejua unafanya nini.

Kuhusu Kiingereza: jiandae kwacho, kwa sababu maswali mara nyingi huja hivyo. Sentensi fupi zinatosha. Ukikwama kabisa, omba kwa adabu umalizie kwa Kiswahili. Wanaweza kukataa, lakini kuomba ni bora kuliko kunyamaza. Na swali usilolijua usilizungukezunguke. Sema, "Hilo sijawahi kulifanya. Nikikutana nalo, ningeanza kwa kumuuliza msimamizi wangu, kisha ningefanya hivi." Ukihitaji kufikiri, sema unahitaji kufikiri. Sekunde tano kwako ni ndefu kama usiku, kwao ni mtu anayetafakari.

Walioitwa usaili Dodoma, msiondoke stendi ya Kange siku ya kuamkia usaili mkategemea basi lisipate pancha. Fikeni siku mbili kabla kama uwezo upo, mkauone na mlango wenyewe.

Yule binti wa jirani, siku ya usaili wake, alirudi saa nane mchana, akapitiliza kwangu kabla ya kwao. Majibu bado, wamesema watampigia. Alikaa pale barazani, akachomoa zile pini mbili, akaniwekea kiganjani.

"Dada," akasema, "walinipa maji. Nikanywa nusu glasi, nikaendelea na jibu."