Hadithi Fupi Imekamilika: Uipeleke Wapi?

Watu huniuliza jarida gani ni zuri. Nami huwauliza: hadithi ina maneno mangapi, na umeiandika kwa lugha gani? Jarida lenye jina kubwa lisilopokea lugha yako halikufai kitu.

Njia yangu ni ya kivivu kidogo. Nikiupenda mkusanyiko wa hadithi fupi, nafungua ukurasa wa shukrani. Humo mwandishi hutaja majarida yaliyozichapa hadithi zake kwanza. Naingia kwenye majarida hayo, nasoma wasifu wa waandishi wengine, nao hutaja majarida mengine mawili matatu. Ukienda hivyo hukawii kufika Lolwe, lililoanzishwa na Troy Onyango wa Kenya mwaka 2020, au Omenana, la bunilizi za kisayansi na mambo ya ajabu. Yote mawili huchapa kwa Kiingereza.

Kisha nasoma hadithi mbili za toleo la karibuni. Ukurasa wa kujitambulisha nauruka, maana kila jarida hudai linatafuta sauti mpya. Ukikuta hadithi zote ni za watu wanaokaa jikoni wakikumbuka, na yako ina majini na mapanga, jibu unalo bila kungoja miezi. Tazama na tarehe ya toleo hilo. Majarida yetu hufa kimyakimya: tovuti ipo, maelekezo yanakaribisha kazi, barua pepe haisomwi na mtu.

Kwa anayeandika Kiswahili, mambo ni magumu zaidi. Ukitafuta jarida la Kiswahili utaletewa majarida mawili, Kiswahili na Mulika, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hayo ni ya makala za kitaaluma. Mimi humwelekeza mtu kwanza kwenye Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Ni shindano, si jarida, lakini halina kiingilio, na hupokea hadithi ya maneno 2,000 hadi 5,000 kwa Kiswahili chake, bila tafsiri. Sharti uwe raia wa nchi mwanachama, kwa hiyo Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wamo. Wenzetu wa Bukavu na Bujumbura, kwa bahati mbaya, hawamo. Asymptote na Words Without Borders huchapa fasihi iliyotafsiriwa kwa Kiingereza, basi hapo mtafute mfasiri kwanza.

Na usiiweke hadithi yako Facebook wala JamiiForums ili upate maoni: majarida mengi huihesabu kuwa imekwisha kuchapishwa.

Majarida kadhaa ya Marekani hutoza dola 3 hivi kwa kila hadithi. Mimi silipi, yasiyotoza yapo tele. Yakiruhusu, peleka hadithi moja kwa majarida kadhaa kwa pamoja, ukiandika daftarini jina na tarehe. Moja likiikubali, waandikie wengine siku hiyohiyo kwamba umeiondoa.