SOMO: Mtandao Ukikatika Mara kwa Mara, Tusikimbilie Kufuta Diski



Kompyuta ya tawi si pambo la ofisi. Ndani ya diski yake mna orodha ya wanachama, hesabu ya michango, barua za madai na maelezo ya wenzetu walioumia kazini. Kwa hiyo fundi akisema, "Mtandao unasumbua, tufute diski tuanze upya," viongozi wa tawi wana wajibu wa kumwuliza: Umepima nini hata ukajua kuwa kosa limo ndani ya diski?

Sisi watu wa Masese tunajua kazi ya mashine. Kitambaa kikitoka na dosari, fundi hang'oi mtambo mzima. Hutazama uzi, kisha mkanda, kisha mota. Wenzetu wa mashambani nao, mua ukinyauka, hawachomi shamba kabla ya kutazama mfereji.

Kosa linalokuja na kuondoka mara nyingi halimo katika diski. Huenda ni waya uliolegea, umeme unaopanda na kushuka, ruta iliyopata joto, au mashine mbili zilizopewa anwani moja. Diski ikifutwa, waya utabaki umelegea na tabu itarudi kesho. Orodha ya wanachama haitarudi.

Fuateni hatua hizi kwa utaratibu:

1. Ulizeni kama ni mashine moja au zote. Zikiwa zote, tazameni ruta, umeme au kampuni ya mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Afrika Kusini na Msumbiji, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki, Uganda ikiwamo. Kufuta diski Jinja hakuungi kebo iliyo chini ya bahari.

2. Wekeni daftari. Andikeni siku, saa, na kilichokuwa kikitendeka. Mtandao ukikatika kila mtambo mkubwa unapowashwa, au kila mvua ya ngurumo inapotoka ziwani, daftari litaonyesha.

3. Jaribuni waya mwingine mlio na hakika kuwa ni mzima, na tundu jingine la swichi. Taa ya tundu isipowaka, anzieni hapo.

4. Pimeni kwa ngazi, kwa amri ya ping. Kwanza anwani ya ruta, pili 8.8.8.8, tatu jina la tovuti yoyote. Ruta isipojibu, anzeni kutafuta ndani ya ofisi. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 isijibu, tafuteni kwenye ruta au kwa kampuni. Namba ikijibu na jina likakataa, huenda kosa ni katika huduma ya kugeuza majina kuwa namba. Na kompyuta ikijipa anwani inayoanza na 169.254, maana yake haikupata anwani kutoka kwa ruta.

5. Badilisheni jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mkibadilisha matatu pamoja, hamtajua lipi lililoponya.

6. Washeni kompyuta kwa mfumo mwingine, kama Linux, uliowekwa kwenye flashi, bila kugusa diski. Tabu ikiendelea, programu zilizomo katika diski hazina hatia. Ikitoweka, kagueni mipangilio, draiva ya kadi ya mtandao, na virusi.

Baada ya hatua hizi zote, ikibidi kufuta, basi kwanza nakilini kazi yote mahali pawili. Zifungueni nakala hizo kwenye kompyuta nyingine, mhakikishe zinasomeka. Uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za mkutano wa kamati. Mali ya wanachama haifutwi kwa neno la mtu mmoja.

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Nakala ya orodha yetu ya wanachama iko wapi leo?
(b) Ni nani aliyeifungua mara ya mwisho na kuona kuwa inasomeka?
(c) Nani atashika daftari la makosa ya mtandao?