Seva isiyo na madirisha: nafuu ipo, ila uliza kwanza

Wafanyabiashara wengi wanaonunua seva kwa ajili ya hesabu na stoo hutarajia skrini yenye picha na vitufe, kama kompyuta ya karani. Fundi akiwawekea mashine yenye skrini nyeusi na maandishi matupu, hudhani wameuziwa kitu kibovu. Sivyo. Kazi ya seva ni kutunza rekodi na kujibu maombi ya kompyuta za ofisini. Karani huendelea kubofya kwenye mashine yake kama kawaida.

Kampuni ya Microsoft ilianza kutoa seva ya namna hiyo, iitwayo Server Core, mwaka 2008. Kwa Windows Server 2022, kima cha chini cha kumbukumbu ni megabaiti 512 bila madirisha, na gigabaiti 2 yakiwepo. Hicho ni cha kuwashia mashine tu. Programu ya hesabu inataka yake juu. Hata hivyo, kwa anayekodi seva na kulipa kila mwezi kwa ukubwa wa kumbukumbu, tofauti hiyo ni fedha. Aidha, sehemu zinazohitaji marekebisho ya usalama hupungua. Bei ya leseni ndiyo haishuki: ni ile ile. Anayetaka nafuu hapo huenda kwenye Linux, mathalani Debian, ambayo haina ada.

Tatizo liko kwenye programu zenyewe. SQL Server, ambayo programu nyingi za hesabu huhifadhia data zake, ilikubalika kwenye Server Core kuanzia toleo la 2012. Lakini programu inayohitaji dirisha ili isimikwe huweza kukwama hapo hapo. Vilevile, ofisi ambayo makarani wake huingia kwa mbali na kufanyia kazi ndani ya seva haiwezi kutumia Server Core. Huduma hiyo haimo. Na kurudi nyuma ni ghali. Windows Server 2012 iliruhusu kuongeza madirisha baadaye, ila tangu toleo la 2016 sharti mashine isimikwe upya, huku duka likiandika ankara kwa mkono.

Kwa hiyo mwenye mali amwulize muuzaji wa programu, kabla ya kutoa malipo ya awali, kama inaendeshwa bila madirisha. Jibu liwe la maandishi.

Lipo pia suala la fundi. Seva hizi huongozwa kwa amri zinazoandikwa, na amri hazibahatishwi. Fundi wa pekee akihama bila kuacha daftari la amri na nywila, mwenye duka hubaki na sanduku lililofungwa. Daftari hilo liandikwe kwenye mkataba, na malipo ya mwisho yasubiri hadi mtu wa pili awe amelifuata na kurejesha nakala ya data ya jana.