Feni ya paa inapiga kelele, joto halitoki

*Gari letu la kulala safarini lina feni ndogo ya paa. Inanguruma tu, usiku tunatokwa jasho. Nikiweka kubwa, itabidi nikate paa? – Msomaji, Houston, Marekani*

Huenda usikate chochote. Magari mengi ya aina hiyo huko yana tundu la paani la inchi 14 kwa 14, na feni nyingi mpya hutengenezwa kwa kipimo hicho. Pima kwanza.

Ila kabla ya kununua, leo usiku fungua dirisha moja tu, lililo mbali na feni, kisha uiwashe itoe hewa nje. Feni haiwezi kutoa hewa isiyo na pa kuingilia. Wengi hulaumu mota bure.

Ukibadilisha, kata umeme. Feni kubwa huweza kula ampea nyingi zaidi, na kuweka fyuzi kubwa kwenye waya mwembamba ni kukaribisha moto. Kwangua gundi yote ya zamani, laza utepe wa butili chini ya fremu, kisha funika skrubu kwa gundi ya paa. Silikoni usiiguse: ikizeeka hubanduka, na gundi mpya haishiki juu yake.

Paa likibonyea kandokando ya tundu, mbao imeoza. Hapo mwite fundi kwanza.